Katambuga ya Kushoto

Karina yangu ya mwaka tisini na sita
haikuwa na ugonjwa wa kuitwa ugonjwa.
Ilikuwa na hamaki.
Ukiitia gia ya kwanza kwenye mataa ya mjini
injini inajitupa nyuma, inapiga ukuta – du! –
kisha inajikumbuka, inarudi mbele,
na kreti sita za zabibu za Hombolo
zinanisalimia mgongoni.

Zabibu si mahindi, jamani.
Hindi utalibwaga Kibaigwa, utalikanyaga, litauzwa.
Zabibu ikishtuka mara tatu inaanza kulia,
na mteja wa Majengo halipii machozi.

Mauntingi mpya: laki moja na arobaini.
Muuzaji aliitaja bei huku anatazama simu yake.
Mimi nilikuwa na elfu kumi na saba
na mia tano ya maji.

Nikaenda Kizota kwa Ndahani,
mchomeleaji wa nyuma ya ghala la alizeti,
pale upepo unapokuletea vumbi bure
na harufu ya mashudu bure.

"Fungua boneti. Vuta hendibreki. Tia gia,
achia klachi kidogo. Kidogo, mama Yudita!"
Akaweka kiganja juu ya injini
kama mtu anayepima homa ya ndama.
Ikainuka. Akacheka.
"Hii haijafa. Imekosa wa kuishika mkono."

Tukapekua chuma chakavu:
shokapu ya pikipiki iliyogonga mti huko Nala,
elfu nane, tukaipata kwa sita
baada ya mimi kujifanya naondoka mara mbili.
Springi tukaivua. Tuliitaka ile fimbo tu,
inayoingia na kutoka kwa kusitasita,
mafuta ndani yake yakisema
polepole, polepole.

Bamba likakatwa, likatobolewa.
Upande mmoja sikio la kunyanyulia injini,
upande wa pili kichwa cha shokapu ya mbele, penye nati tatu.
Cheche zikaruka. Nikageuza uso,
nikahesabu pesa kwa kuzipapasa mfukoni.

Ikabaki bushi. Mpira.
Chuma juu ya chuma kitapiga kelele hadi Chamwino.
Ndahani akatazama chini, huku na huku,
jicho likatua kwenye mguu wa Lechipya,
kijana anayemshikia vyuma.
"Vua."
"Mimi?"
"Ya kushoto. Nataka kisigino."

Katambuga ya tairi la lori,
iliyofuata ng'ombe wa watu toka Manchali,
ikalazwa juu ya gogo, ikapigwa tindo,
ikatoa viduara viwili vinene.
Nikampa elfu tatu. Akashukuru,
akaendelea kushika vyuma,
mguu mtupu kaupandisha juu ya uliovaa.

Nilitaka nati ikazwe mpaka ilie.
Ndahani akanipokonya spana.
"Ukiibana mno haitatulia.
Mtikisiko utahama tu. Utakuja kwenye usukani,
toka usukani uingie kwenye meno yako.
Hatuizuii, mama. Tunaichelewesha."

Neno hilo nimetembea nalo.
Nimelitumia kwa shemeji anayenidai,
kwa binti yangu anapopandisha sauti,
na juzi kwa nafsi yangu, mbele ya mtu wa ushuru.

Jumatatu alfajiri nikafika kwenye mataa.
Gia ya kwanza. Nikaisubiri ile du.
Kikaja kitu kama mtu anayeguna akikubali.
Kreti sita zilitoka, tano na nusu zikafika;
hiyo nusu muulizeni tuta la Ihumwa,
injini haihusiki.

Jumatano nikapeleka maandazi Kizota.
Lechipya kavaa jozi mpya,
ile ya zamani ya kulia kaitundika msumarini.
"Ya nini hiyo?"
Akalitazama gari langu kwa huruma kidogo.
"Nalisubiri. Hizo bushi
haziioni mvua ya Desemba."